Misisi: Mchezo wa video wa mwaka 1997 unaomjua mchimbaji kuliko michezo ya leo

Mwanaume anarudi kijijini alikozaliwa. Kilikuwa kijiji cha wachimbaji, kazi ya mababu, hadi siku kampuni kubwa ilipofika na kuahidi maisha mapya kama watu watakubali ijenge mtambo wake mlimani. Yeye alikuwa kati ya waliosimama mkutanoni kuwashawishi wenzake wakubali. Baadaye ajali ikatokea kwenye mtambo, kampuni ikawatupia lawama wanakijiji, na askari wake wakachoma nyumba zote. Mke wake akafa humo. Sasa amerudi. Waliobaki wanamzunguka na kumpiga ngumi, na yeye harudishi hata moja.

Ukimsimulia mtu wa Misisi habari hii bila kutaja majina, huenda akakuuliza ni kilima gani, na kampuni gani.

Haikutokea popote. Mwanaume huyo anaitwa Barret Wallace, kijiji ni Corel, kampuni ni Shinra. Wote wamo ndani ya Final Fantasy VII, mchezo wa video uliotoka Japani mwaka 1997 kwa ajili ya PlayStation ya kwanza. Corel ilichimba makaa ya mawe, si dhahabu, lakini mengine yote yanajulikana hapa.

Misisi iko katika sekta ya Ngandja, wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, kwenye barabara inayotoka Fizi kwenda Lulimba. Dhahabu ndiyo iliyoukuza mji huu. Kuna mwenye shimo anayeitwa PDG, kuna wachimbaji wanaogawana mifuko ya mawe, kuna akina mama wanaotwanga, kuna wanunuzi na mizani yao midogo. Kampuni imekwisha kufanya utafiti kwenye eneo la Akyanga, karibu na mji, na swali la nani atabaki na kilima siku mitambo mikubwa ikifika si swali la sinema.

Katika miji ya machimbo kama huu, mchezo wa video kwa kawaida ni mpira: televisheni moja, konsoli ya zamani, maneti mbili, umeme wa jenereta au wa paneli za jua, na vijana wanaolipia kila mechi. Michezo ya aina ya Final Fantasy, ambayo kwa Kifaransa inaitwa jeux de rôle, ni habari nyingine. Ndani yake mchezaji anavaa maisha ya mtu: anatembea na wenzake, anazungumza na watu, anachagua, na hadithi inachukua saa thelathini, hamsini, hata mia. Haiingii katika mechi ya dakika kumi. Inachezwa peke yako, polepole, na zamani ilihitaji kusoma sana.

Ni aina hii ambayo mashabiki wake duniani kote wanaibishania kwa miaka: je, michezo ya leo imekuwa mikubwa na mizuri kwa macho, lakini mifupi kwa kina? Ubishi wa namna hiyo mara nyingi ni wa watu wanaokumbuka ujana wao. Ila kwa Final Fantasy VII hakuna haja ya kukumbuka, maana hadithi ileile imetengenezwa mara tatu, na mtu anaweza kuziweka meza moja.

Ya kwanza ni ya 1997. Ilikuwa kwenye CD tatu. Watu wake wana mikono kama matofali, hawana sauti hata kidogo, maneno yote yanasomwa. Kila baada ya hatua chache adui anatokea bila kuonekana, jambo linalochosha hadi leo, na hakuna sababu ya kulificha. Lakini sehemu ya Corel haimpi mchezaji pa kujificha. Hujaambiwa kwamba Barret alidanganywa tu. Unaambiwa kwamba alitaka mtambo, kwamba rafiki yake Dyne ndiye aliyekuwa akipinga, kwamba makaa ya baba zao yalionekana hayana bei tena, na kwamba uamuzi ulipitishwa na wanakijiji wenyewe. Waliookoka wanaishi sasa kwenye mabanda ya takataka, na karibu nao imejengwa Gold Saucer, bustani ya starehe yenye taa na michezo ya bahati. Mchezaji anapita kwenye mabanda hayo ili apande huko kustarehe. Hakuna alama inayotoka kwenye kioo kukueleza ujisikie vipi.

Ya pili imekuja vipande vipande. Final Fantasy VII Remake ya 2020 inasimulia mji wa Midgar peke yake, yaani mwanzo tu wa ile ya zamani, na inautandaza kuwa mchezo mzima. Rebirth, ya Februari 2024, inaendelea na safari na kufika Corel. Ilipotoka ilitaka PlayStation 5 na iliuzwa kwenye diski mbili. Uso wa Barret sasa unaonyesha kila mkunjo, sauti yake inasikika, na ni haki kusema kuna mahali ambapo kazi hiyo inagusa kuliko herufi za zamani. Tatizo ni yale yanayomzunguka. Kila nchi ndani ya mchezo ina minara ya kuwasha, alama za kukusanya kwenye ramani, kazi ndogondogo za kuhesabiwa. Mtu anatoka kwenye msiba wa Corel, na ramani inamwita akamalize orodha.

Ya tatu ni ya simu. Final Fantasy VII Ever Crisis ilitoka Septemba 2023, na kuipakua ni bure. Hadithi ya zamani imo, imekatwa vipande vifupi. Silaha na mavazi ya wahusika yanapatikana zaidi kwa kubahatisha: mchezaji anakusanya vito kidogo kidogo, au anavinunua kwa pesa za kweli, kisha anavitumia kuvuta bila kujua atapata nini. Akikosa, anavuta tena.

Mchimbaji anaifahamu hesabu hiyo. Anaweza kutumia wiki nyingi kwenye shimo lisilotoa kitu, na kesho akashuka tena kwa sababu jirani yake amepata. Tofauti ni kwamba mwamba wa Misisi haukupangwa na mtu aliyekwisha kuamua asilimia kabla hujashuka. Ndiyo kusema hadithi ya kijiji kilichopoteza kila kitu kwa ahadi ya kampuni, leo inafika kwenye simu ya bei nafuu ikiwa imevaa nguo za Gold Saucer.

Ubelgiji iliona hatari mapema. Mwaka 2018 tume yake ya michezo ya kamari ilisema masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya baadhi ya michezo ya video, FIFA 18 ikiwemo, yanavunja sheria ya kamari. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za FIFA za kununulia pakiti za wachezaji. Mwaka 2022 Diablo Immortal, mchezo mwingine wa simu wa kuvaa uhusika, haukutolewa kabisa Ubelgiji wala Uholanzi. Sheria ya Brussels haivuki kuja Fizi. Simu zinavuka.

Bei ya uongo kwa muuzaji kipofu

Kina kinachosemwa si maneno mengi wala huzuni. Ni mchezo kukubali kwamba ulichofanya umekifanya.

Mfano mzuri kwa mji wa dhahabu ni wa mwaka 1985, kwenye Ultima IV ya Mmarekani Richard Garriott. Katika michezo ya aina hii dhahabu ndiyo pesa ya kawaida. Unaua jini, unaokota dhahabu, unanunua upanga. Garriott aliweka dukani muuzaji kipofu. Unachukua dawa zako, anakutajia bei, na wewe mwenyewe ndiye unayehesabu vipande unavyomwachia. Unaweza kuacha kimoja. Hakuna askari anayekuja, hakuna kengele inayolia. Lakini mchezo huo hauna adui mkuu wa kuua mwishoni. Lengo lake ni mtu kukamilika katika fadhila nane, na uaminifu ni mojawapo. Ulichomwibia kipofu kinaandikwa kimyakimya. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mizani ya mnunuzi akijiuliza kama uzito ni wa kweli anaelewa kwa nini jambo dogo hilo lina nguvu.

Fallout ya 1997 ilitumia maji. Watu wako wanaishi chini ya ardhi baada ya vita vya nyuklia, kifaa cha kusafisha maji kimekufa, na una siku 150 kukipata kingine. Ukiona siku zinakwisha, unaweza kuwalipa wachuuzi wapeleke maji nyumbani. Siku zinaongezeka, ila mahali watu wako walipojificha panajulikana zaidi. Na mwishoni, ukishawaokoa wote, mkubwa wa kijiji anakukataza kuingia: umeona mengi, utawaharibu vijana. Ni malipo machungu kwa shujaa. Mwaka 2015 ilipotoka Fallout 4, mazungumzo yalikuwa yamebanwa kwenye majibu manne, na mara nyingi yote yakielekea sehemu moja.

Kuna pia suala la njia. Kwenye Morrowind ya 2002, ukitumwa mahali, mtu anakueleza kwa mdomo: fuata mto, ukifika kwenye jiwe fulani pinda, uliza mbele. Unapotea, unarudi, unauliza tena. Ni namna ileile ambayo dereva wa moto anaelekezwa kijiji asichokijua kutoka Baraka. Ukimuua mtu ambaye hadithi ilimtegemea, mchezo unakuarifu kwamba umekata uzi wa unabii, kisha unakuacha uendelee kuishi katika dunia uliyoiharibu. Miaka minne baadaye, katika mchezo uliofuata wa Oblivion, dira ilianza kuonyesha pa kwenda, na watu muhimu hawakuweza kufa tena. Ni raha zaidi kuucheza, hilo halina ubishi. Mchezaji anafika bila kupotea, na bila kujua alipita wapi.

Kina kipo hata leo, ila kina uzito

Kusema kwamba michezo ya leo yote ni mitupu kungekuwa uvivu. Baldur's Gate 3, iliyotoka Agosti 2023 na kushinda tuzo ya mchezo wa mwaka kwenye The Game Awards, inamruhusu mchezaji kudanganya, kushawishi, kusaliti na kuua karibu yeyote, na dunia inakumbuka. Imetengenezwa na Larian, kampuni ya Ubelgiji yenye makao Ghent. Ni ushahidi kwamba wanaotaka wanaweza.

Lakini kwenye kompyuta inadai gigabaiti 150 za nafasi, na mashine ya bei ambayo mtu wa machimbo angeitumia kwanza kununua pampu ya kuvuta maji shimoni. Kupakua mzigo huo kwa intaneti ya simu, ukinunua mega kwa mega, hakuna anayejaribu kufanya hesabu yake mara mbili. Planescape: Torment ya 1999, ambayo wengi bado wanaitaja kuwa yenye maandishi bora kuliko yote, ilikuwa kwenye CD nne. Inahusu mtu asiyeweza kufa, anayeamka bila kumbukumbu na kukuta kila mahali watu aliowatendea uovu katika maisha asiyoyakumbuka. Kompyuta ya mitumba ya miaka mingi iliyopita inaiendesha bila shida.

Hapo ndipo mambo yanageuka kwa kijana wa Misisi. Anayesemekana amebaki nyuma ana mikononi chombo kinachotosha kwa michezo yenye kina zaidi, na kisichotosha kwa ile inayotangazwa. Final Fantasy VII ya zamani yenyewe ilitolewa kwa simu za iPhone mwaka 2015 na za Android mwaka 2016. Inanunuliwa mara moja, haiuzi bahati ndani yake. Kizuizi ni malipo, maana duka la simu linataka njia ya kulipa ambayo wengi hapa hawana, na ile ya bure yenye kuvuta vito haimuulizi mtu kitu mwanzoni.

Kizuizi cha pili ni lugha, na hakijapata dawa. Michezo ya kusoma inamtaka mtu asome, na haimo katika Kiswahili wala Kibembe. Mwezi Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, ya mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambayo wahusika wake wanaweza kuongea Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni mchezo wa kuruka na kupigana zaidi ya kuvaa uhusika, lakini ni mara chache sauti hiyo inasikika kutoka kwenye konsoli. Miaka minane kabla yake, Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion, mchezo wa kweli wa aina hii, na wasomaji wa Kifaransa wanaweza kuufuata.

Barret pia anaweza kusomwa kwa Kifaransa. Tafsiri hiyo ya 1997 ina sifa mbaya hadi leo kwa makosa yake, na mwalimu wa shule ya sekondari angeijaza kalamu nyekundu. Hata hivyo, anapofika Corel na watu wakaanza kumpiga, kila neno linaeleweka.