Nani Anaweza Kufungua Faili Yako? Umuhimu wa Saraka Moja ya Watumiaji

Mwananchi anapoomba basari katika ofisi ya wadi, au anapotibiwa katika hospitali ya umma, taarifa zake zinaweza kuhifadhiwa kwenye seva ya pamoja inayofikiwa kupitia mtandao. Je, seva hujuaje ni afisa yupi aruhusiwe kuzifungua?

Wengi hudhani seva hutazama jina. Ukweli ni kwamba hutazama nambari. Linux humpa kila mtumiaji nambari fupi, na kwa kawaida wa kwanza kusajiliwa kwenye kompyuta hupewa 1000. Windows hutumia nambari ndefu, nyingi zikianza kwa S-1-5-21. Kwa hivyo afisa mmoja anaweza kuwa na nambari mbili, na maafisa wawili wakawa na nambari moja.

Hatari iko hapo. Tuseme mhasibu wa Naivasha na karani wa Molo wanatumia Linux, na kila mmoja ndiye wa kwanza kusajiliwa kwenye kompyuta yake. Wote ni 1000. Seva ya NFS inayoamini nambari inayoletwa na kompyuta itawaona kama mtu mmoja. Karani ataweza kusoma, hata kufuta, faili za mhasibu bila kuiba neno la siri.

Suluhisho ni saraka moja, yaani daftari kuu la watumiaji, kama vile Active Directory au LDAP. Seva huiuliza saraka hiyo jina fulani la Windows lina nambari gani ya Linux, kisha humtambua afisa yule yule popote alipo.

Wasimamizi wa mitambo wazingatie haya:

1. Kila afisa apewe nambari yake pekee, na isipewe mwingine hata akihama au akistaafu. Atakayeirithi nambari atazirithi na faili.

2. Saa za seva na za saraka zilingane. Kwa kawaida Kerberos hukataa tofauti inayozidi dakika 5.

3. Mawasiliano na saraka yasimbwe, ili yasisomwe njiani.

4. Mpango ujaribiwe kwa faili chache kwanza. Amri ya "id" ionyeshe nambari ile ile kwenye kila kompyuta ya Linux. Faili ikionekana kumilikiwa na "nobody", huenda seva imeshindwa kumtambua mwenyewe. Tafuta chanzo, usifungulie watu wote.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaka taasisi kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kwamba taarifa zimefikiwa bila idhini na huenda mwenyewe akadhurika.

Afisa, ukihamishwa hakikisha ruhusa zako za zamani zimeondolewa. Ukiona faili zisizokuhusu, piga ripoti siku hiyo hiyo. Nawe mwananchi, sheria hiyo inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje. Uliza.