Ini Husema Basi, Lakini Huchelewa

Mtu mmoja hutosheka na kashata moja. Mwenzake humaliza sahani na bado mkono unatafuta. Tumezoea kumwita huyo wa pili mlafi. Uchunguzi wa wanyama unaonyesha kwamba tunahukumu haraka mno, kwani hamu ya utamu huendeshwa pia na homoni, na mojawapo hutoka kwenye ini.

Homoni hiyo huitwa FGF21. Sukari ikifika kwenye ini, ini huimwaga homoni hii katika damu, nayo hupanda hadi ubongoni na kupunguza hamu ya vitu vitamu. Mwishoni mwa 2015, watafiti wa Iowa, Marekani, na Copenhagen, Denmark, walieleza walichokiona kwa panya. Waliodungwa FGF21 walipunguza kula sukari. Wasio na uwezo wa kuitengeneza homoni hiyo walizidisha kula sukari. Hamu ya mafuta au protini haikuzimwa vivyo hivyo: ujumbe wa ini ulihusu utamu.

Tumbo nalo lina lake. Likiwa tupu hutoa gerelini, homoni iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Hii huamsha sehemu za ubongo zinazotumia dopamini, kemikali inayomsukuma kiumbe kukitafuta kinachomfurahisha. Panya waliodungwa gerelini huhangaika zaidi: hubonyeza kidude tena na tena ili tu wapate sukari.

Na sisi je? Mwaka 2017, uchunguzi wa Wadenmark zaidi ya 6,500 ulionyesha kwamba wenye maumbile fulani ya jeni ya FGF21 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 20, wa kuwa miongoni mwa walaji wakubwa wa vitu vitamu. Uroho tunaoulaumu, kwa kiasi fulani, mtu huzaliwa nao.

Lakini lipo la kufanya. Mtu akinywa sukari ya matunda, FGF21 hufikia kilele katika damu baada ya saa 2 hivi. Chupa ya soda huisha kwa dakika 5. Tukingoja mwili utuzuie, tutakuwa tumeshakunywa ya pili. Kwa hiyo tupime kiasi cha sukari kabla ya kuonja, na mtoto ale chakula cha kushiba kwanza, ndipo apewe kitamu. Na anayeshindwa kujizuia tumsaidie kupanga kiasi chake. Kumwaibisha hakubadilishi homoni zake.