Nyota za Zahanati Hutolewaje

Mkazi wa Maganzo anayempeleka mtoto chanjo humwona mhudumu, sindano na kadi. Mkaguzi makini huangalia pia jokofu. Chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi, na kipimo huandikwa asubuhi na jioni, siku za mapumziko zikiwamo. Karatasi yenye nafasi tupu kila Jumapili humweleza mengi kuliko ukuta uliopakwa rangi juzi. Mzazi hawezi kuitambua chanjo iliyoharibiwa na joto kwa kuitazama. Mtoto hurejea nyumbani akidhaniwa amekingwa.

Ukaguzi wa kutoa nyota, kuanzia 0 hadi 5, ulianza mwaka wa fedha 2015/16 chini ya Wizara ya Afya, kwa vituo vya ngazi ya msingi vya umma na vya binafsi. Lengo lilikuwa nyota 3 au zaidi. Takriban theluthi moja ya vituo nchini havikupata hata moja. Uliporudiwa 2017/18, hali ilikuwa imeboreka.

Majengo ni sehemu tu. Huangaliwa pia utakasaji wa vyombo, boksi la sindano zilizotumika (hufungwa likijaa robo tatu), dawa, kumbukumbu za wagonjwa, na vikao vya kamati ya kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi. Wakaguzi husoma mihtasari ya vikao hivyo. Lalamiko lililoishia barazani, lisilofikishwa kwa mjumbe wala kwenye sanduku la maoni, hawalikuti humo.