Mkwaju Unapohama: Mwelekeo wa Maandishi Katika Data za Wavuti

Kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kiessling, iliyochapishwa mwaka 2002, huandika neno la mwanamke hivi: /ameeni. Mkwaju huo wa mwanzo si pambo. Ni konsonanti kamili itokayo kooni, ndugu wa 'ain ya Kiarabu, na msemaji wa Kiiraqw wa Endagikot, wilayani Mbulu nchini Tanzania, hawezi kuiruka kama vile asivyoweza kuiruka b ya baba. Neno la nyumba nalo, do', huishia na ritifaa ambayo pia ni sauti.

Sasa tuseme maneno hayo yamewekwa kwenye orodha ya lugha za Afrika Mashariki, na orodha inaonyeshwa na ukurasa wa Kiarabu kwa wasomaji wa Muscat. Ukurasa usipopewa maelekezo yoyote, /ameeni itasomeka ameeni/, na do' itasomeka 'do. Aliyeandika hakukosea. Ndani ya kanzidata herufi ziko vilevile, kwa mpangilio uleule. Kilichovurugika ni jinsi kivinjari kinavyozipanga kwenye skrini.

Chanzo ni kanuni za Unicode za kupanga maandishi ya pande mbili. Herufi za Kilatini huenda kulia, za Kiarabu huenda kushoto, na katikati liko kundi kubwa la alama zisizo na upande: nafasi, mabano, mkwaju, ritifaa. Hizi hufuata majirani. Zikikaa baina ya herufi mbili za upande mmoja, hutulia, ndiyo maana ng'ombe hapati tabu popote aendapo. Zikikaa ukingoni mwa neno, na jirani wa upande wa pili hayupo, hufuata mwelekeo wa aya nzima. Aya ya Kiarabu huanzia kulia, basi mkwaju unakimbilia kulia. Inachekesha kidogo: Kiiraqw na Kiarabu vina sauti moja, na alama ya sauti hiyohiyo ndiyo inayopotea vinapokutana.

Asiyejali Kiiraqw na atazame namba ya simu. Ukiandika +255 27, msimbo wa Tanzania na ule wa kanda ya kaskazini, ndani ya ukurasa wa Kiarabu, mara nyingi utakuta 27 255+. Mteja aliyeko Oman akiinakili kwa mkono, hampati mtu.

Kurasa zenyewe zilipata dawa zamani. HTML 4.0 ya Desemba 1997 ilikuwa na sifa iitwayo dir, ambayo mwandishi huitumia kutamka kwamba kipande hiki kinaanzia kushoto au kulia. Lakini siku hizi maandishi hayasafiri yakiwa kurasa. Yanatoka kwenye seva yakiwa data tupu, mara nyingi katika umbo la JSON, na JSON haina mahali pa kutaja lugha wala mwelekeo. Ina herufi kati ya alama mbili za nukuu, basi. Programu inayopokea inabaki kukisia.

Kisio la kawaida ni kutazama herufi ya kwanza yenye upande wake. Kwa /ameeni peke yake kisio hilo linafaulu, kwani a inatosha kuonyesha njia. Lakini chukua maelezo ya kamusi yaliyoandikwa kwa Kiarabu yakianza na neno hilo la Kiiraqw: programu inaona a, inaamua sentensi nzima inaanzia kushoto, na Kiarabu chote kinapangwa ovyo. Namba ya simu ndiyo mbaya zaidi, maana haina herufi hata moja ya kukisia.

Wengine hukisia kwa kutumia jina la lugha. Kiswahili kinatosha kuwaumbua. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 uliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na chuo cha SOAS, London, kina hazina ya miswada ya Kiswahili ya namna hiyo. Msimbo sw hausemi lolote kuhusu upande. Msimbo sw-Arab unataja hati, ila wanaojaza data wengi huishia kwenye sw.

Njia nyingine ni alama za siri zisizoonekana, zilizoingizwa katika Unicode 6.3 mwaka 2013, za kuzungushia kipande ili kisichanganyike na jirani. Zinafanya kazi, lakini zikihifadhiwa ndani ya data huwa kero: anayetafuta do' katika kanzidata anaweza asiipate, kwa kuwa iliyohifadhiwa ina alama mbili asizoziona.

Jibu bora ni mwelekeo kusafiri kando ya maandishi kama taarifa inayojitegemea. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilipitisha JSON-LD 1.1 mnamo Julai 2020, na humo neno letu huandikwa hivi:

{"@value": "/ameeni", "@language": "irk", "@direction": "ltr"}

Hapo irk ni msimbo wa kimataifa wa Kiiraqw, na ltr humaanisha kushoto kwenda kulia. Kasoro ilibaki upande wa RDF, mfumo wa data ambao JSON-LD imejengwa juu yake. Toleo lake la 2014 linajua lugha tu, hivyo data ikigeuzwa kwenda huko mwelekeo hudondoka njiani, isipokuwa aliyeigeuza amechukua hatua ya ziada. Toleo la 1.2 linaziba pengo hilo kwa kuandika "/ameeni"@irk--ltr.

Anayeandaa kamusi, orodha ya vijiji au daftari la wateja, Mbulu au Zanzibar, asingoje kasoro ijitokeze. Aweke safu ya lugha na safu ya mwelekeo tangu siku ya kwanza, hata kama leo kila kitu chake kinaanzia kushoto.