Nafsi ya Kwanza Isiyo na Ulimi

Katika sarufi, nafsi ya kwanza ni yule asemaye. Lakini iko aina ya michezo ya video iliyopewa jina kutokana na nafsi hiyo, ambamo mchezaji huvitazama vita kwa macho ya mpiganaji mwenyewe, asione katika mwili wake ila mikono iliyoshika bunduki. Na humo huyo "mimi" mara nyingi hatamki neno. Hadithi basi haina budi kupita katika kinywa kingine. Michezo miwili iliyofuatana, yote ikiwa imechukua Afrika kuwa uwanja wake, yaonyesha njia mbili zilizo mbali.

Far Cry 2 ulitolewa na Ubisoft mwaka 2008. Mchezaji huchagua mmoja katika mamluki tisa, akatumwa kumwua mwuza silaha aitwaye Jackal. Afikapo tu hushikwa na malaria. Mchezo haumtoi katika mwili huo: hata ramani huishika mkononi. Habari za Jackal huzipata katika kanda za mahojiano, moja hapa, moja kule. Ila nchi yenyewe haina jina. Mtu wa Kenyamonta, wilayani Serengeti, angeitambua nyika na punda milia wake, asijue yuko wapi. Na ajabu ni kwamba programu inayouendesha mchezo huo yaitwa Dunia: mtambo umepata jina la Kiswahili, nchi imenyimwa jina lolote.

Halo 3: ODST, kazi ya Bungie ya mwaka 2009, hufanya kinyume. Mahali pametajwa: ni New Mombasa, mwaka 2552. Askari asiyesema hutembea usiku katika mji uliokimbiwa na watu. Kila aonapo kitu kilichoachwa na mwenzake, hadithi hurudi nyuma saa kadhaa, na mchezaji hupigana akiwa mwenzake huyo. Nafsi ya kwanza hupokezanwa mtu kwa mtu, na kwa ufundi wa kusimulia huu ndio ulio bora. Majina nayo si ya kubuni yote. Kizingo na Kikowani ni mitaa ya Mombasa hasa, na Tayari humkumbusha msomaji Mwembe Tayari, ingawa mwembe wenyewe umeachwa.

Jina linalostahili kutazamwa zaidi ni la Sadie Endesha, binti anayemtafuta baba yake siku ya maafa, ambaye sauti yake husikika vipande vipande mitaani. "Endesha" ni kitenzi cha kuamuru. Ni vigumu kumwona Mswahili akimpa mtoto jina hilo. Lakini baba huyo ndiye ahusikaye na mashine inayouendesha mji, hata neno likaingia mahali pake, kwa kusudi au kwa bahati. Sadie ni mwenyeji, na mchezo umempa nafasi ya kusikika ambayo askari hakupewa. Naye aitumia kwa Kiingereza.