Almasi Mbele ya Meza ya Forodha

Mtu aliyezaliwa Kinyangiri, katika wilaya ya Mkalama mkoani Singida, hana haja ya kufundishwa ugumu wa jiwe, kwani nchi ile ya nyanda za kati imelala juu ya mawe ya matale, na mwenye kutaka maji ya kisima kirefu hana budi kuupasua mwamba kwanza. Wachache, hata hivyo, wanafahamu kwamba kile kichwa cha keekee kinachotangulia mbele ya mabomba, kikiwa kimetoka ng'ambo, kimekwisha kuulizwa nasaba yake bandarini, kikapewa nambari, na nambari hiyo ndiyo iliyohukumu kiasi cha ushuru alicholipa mwenye mali.

Nambari hizo hazitungwi na afisa kwa hiari yake. Asili yake ni mkataba wa kimataifa uliofanyika Brussels tarehe 14 Juni 1983 na kuanza kutumika mwaka 1988, nao umezigawa bidhaa za ulimwengu katika mafungu zaidi ya 5,000, kila fungu na tarakimu zake sita. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo umoja wake wa forodha ulianza Januari 2005, huongeza mbili zikawa nane. Viwango vya ushuru wa pamoja, tangu Julai 2022, vinapanda kutoka asilimia 0 kwa mali ghafi na mitambo, kupitia 10 na 25, hata kufikia 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika. Kukosea fungu, basi, si jambo la makarani peke yao.

Almasi ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko johari zote jinsi hukumu hiyo inavyokwenda. Ikiletwa peke yake, haijafungwa katika kitu chochote, nayo imetoka ardhini, huwekwa katika kichwa 7102 (tarakimu mbili za kwanza za nambari hutaja sura, na nne za kwanza kichwa), ambamo mawe ya viwandani hutengwa na mawe ya mapambo kwa kutazama sifa za jiwe lenyewe, wala si kwa kusikiliza ahadi za aliyeliagiza. Ikiwa imetengenezwa na wanadamu kwa moto na shinikizo, huhamia 7104, na tangu masahihisho ya mwaka 2022 imepewa humo mistari yake mahsusi. Ikisagwa ikawa unga, huingia 7105, na hapo sheria haijali tena kama ilizaliwa ardhini ama mtamboni. Unga huo ukigandamanishwa ukawa gurudumu la kunolea, almasi huiaga sura ya 71, ya lulu na dhahabu, ikaenda kukaa katika 6804 pamoja na vinoo na mawe ya kusagia. Na ikipachikwa katika chuma ili itoboe mwamba, huhesabiwa miongoni mwa zana za sura ya 82, katika kichwa 8207. Thamani na fahari ya jiwe havina neno hapo: kinachotazamwa ni hali ya kitu siku kilipofika.

Mashaka huzuka kwa vitu vilivyo njiani, havijawa zana kamili wala si mawe matupu. Kuna vidonge vyenye tabaka jembamba la punje za almasi zilizoshikamanishwa juu ya kitako cha kabaidi ya tungsteni, vikingojea kulehemewa kwenye keekee: mmoja atadai ni jiwe la kutengenezwa, wa pili atasema ni sehemu ya zana, na wa tatu atavipeleka 8209 pamoja na ncha za zana zisizopachikwa. Kanuni zaamuru kwamba yasomwe kwanza maneno ya vichwa na maelezo ya sura. Yakishindwa kukata shauri ndipo huulizwa ni kitu gani kinachokipa kidonge tabia yake ya msingi, na hilo nalo likishindikana huchukuliwa kichwa cha mwisho kwa hesabu. Kwa maoni yangu, ugomvi mwingi wa namna hii hutokana na ankara isiyoeleza kitu.

Na huyu mchimba visima wa Kinyangiri, aghalabu hata almasi haitumii. Nyundo yake ya upepo hupiga kwa vifungo vya kabaidi, na keekee yake ni ya 8207.13, ilhali wachorongaji wa kampuni za madini, ambao mjiolojia wao anataka kipande kizima cha mwamba akitazame, hutumia vichwa vya almasi vya 8207.19. Keekee mbili zaweza kusafiri katika lori moja, zikawa na nambari mbili.

Mwenye kukumbuka kwamba Mwadui, alikovumbua almasi John Williamson mwaka 1940, iko katika mkoa jirani wa Shinyanga, atastaajabu kwa nini tuagize almasi. Tangu General Electric ya Marekani itangaze almasi yake ya kutengenezwa Februari 1955, viwanda vya zana vimezidi kupendelea punje hizo, zinazotoka kwa ukubwa na umbo linalotakiwa. Na mawe ya Mwadui yamekwenda zaidi kwa masonara, likiwemo lile la waridi la karati 54.5 alilotunukiwa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947.

Muagizaji mwenye hadhari huomba kwa maandishi uamuzi wa nambari kabla shehena haijapakiwa, akiambatisha maelezo ya kiwanda yanayosema punje ni za aina gani, zimeshikwa na nini na zana ni ya kazi gani. Asiporidhika na uamuzi wa forodha, sheria ya Jumuiya ya mwaka 2004 inampa siku 30 za kuomba upitiwe upya, na Kamishna naye siku 30 za kujibu. Zaidi ya hapo, shauri huenda mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi.