Nafsi ya Kiswahili na nefesh ya Kiebrania

Msomaji mmoja wa Malindi ameniuliza kama mtu asiyekimudu Kiingereza anaweza kuisoma Biblia kwa Kiebrania. Anaweza, tena huenda akamtangulia Mwingereza. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu wa tumbo moja, na Kiswahili kimekopa tele kutoka Kiarabu. Hebu tazama: damu ni dam, saba ni sheva, baraka ni berakha, malaika ni malakh, saumu ni tsom. Kwa hiyo mtu wa pwani anaingia darasani na mtaji mkononi. Shida ni kwamba vitabu vingi vya kufundishia vimeandikwa kwa Kiingereza, basi kijana wa Kilifi anafundishwa nefesh kwa kuzungushwa Ulaya, ilhali nafsi anayo mdomoni tangu utotoni.

Neno hilo tulikalie kidogo. Nefesh na nafsi zina shina moja, lakini ndugu si lazima wafanane tabia. Makanisani mwetu nafsi ni kitu kinachokaa ndani ya mwili kama mpangaji. Nefesh, kwa upande wake, huweza kuwa koo. Katika Isaya 5:14 kuzimu inapanua nefesh yake imeze watu; katika Zaburi 69 maji yanamfika mtu kwenye nefesh, yaani shingoni. Kutoka hapo maana inasogea hadi hamu ya kula, uhai, na mtu mzima mwenyewe. Mwanzo 2:7 inamwita binadamu nefesh hayya (hayya ni jamaa wa hai yetu), na Mwanzo 1:24 inatumia maneno yayo hayo kwa wanyama. Tafsiri iliyozoeleka imemwachia Adamu nafsi, wanyama wakaitwa viumbe hai tu.

Ni ubishi wa wasomi? Hapana. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, zilianza kufukuliwa maiti ambazo idadi yake ilipita 400, za watu walioripotiwa kuhimizwa wajinyime chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sisemi sarufi ingewaokoa. Lakini mahubiri ya kuutesa mwili ili nafsi ipone hayana pa kushika katika Kiebrania, kwa kuwa nefesh ndiyo hiyo hiyo inayoona njaa. Walawi 16:29 inaagiza watu wazitaabishe nafsi zao, na desturi ya Wayahudi inaelewa hapo kufunga. Sawa, ila Walawi 23:32 inaweka mpaka: jioni hadi jioni. Siku moja, basi!

Kazi ya kuziweka lugha hizi mbili bega kwa bega haikuanza leo. Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa mwaka wa 1844 akisaidiwa na kadhi, kisha akahamia Rabai, ambayo sasa iko kaunti ya Kilifi.

Msomaji wangu aanze na herufi, 22 tu, zinazoandikwa kutoka kulia. Aliyepita madrasa hatashtuka. Halafu achukue kitabu cha Yona, sura nne fupi. Katika sura ya pili ataikuta nefesh majini, na katika ya tatu ataikuta tsom, hadi ng'ombe wa Ninawi wamefungishwa.